Jua la Uwanja wa Lehtoperä

Kila nyumba mjini Lehtoperä ilipewa siku moja ya jua kwa mwaka, na jua hilo liliangaza ua wa nyumba hiyo tu. Bibi Tyyne alikuwa ameiweka yake ya kukaushia mazulia. Lakini mjukuu wake Venla alikuwa na fainali ya besiboli ya Kifini kwenye uwanja wa nyumbani, na mawingu yalikuwa mazito, basi Bibi akautolea uwanja siku yake kimyakimya.

Jua likawaka mpaka mabenchi ya mbao yakanukia utomvu. Mrushaji akautupa mpira wima juu, kama ilivyo desturi ya mchezo huo, Venla akauchapa, akazunguka vituo vyote, wakashinda.

"Nina siri," jirani yao Kaarlo alimnong'oneza Bibi. "Jua hili nimelitoa mimi."

"Na mimi," Bibi alisema, akaangua kicheko.

Kumbe mji mzima ulikuwa umetoa. Nyumba mia nne, siku mia nne za jua, zote za uwanja.

Basi wakahamia huko na mazulia, masufuria na vitanda vya watoto. Viazi vikachipua pembeni mwa uwanja, na kila jioni watu walicheza na kuimba.

"Bibi, leo tukalale nyumbani?" Venla aliuliza siku moja, akiyatazama mapaa ya mji chini ya mawingu.

"Kesho," Bibi alijibu, kama alivyojibu jana na juzi.