Nyasi Zilizolowa

Bisibisi iliingia mahali pa ufunguo, ikazungushwa, na kitrekta cha kukatia nyasi kikanguruma ghalani. Jikoni, Marlys alibaki amesimama na mkono ndani ya kopo la unga. Ufunguo ulikuwa humo humo alimouficha.

Kitrekta kikazimwa. Duane, mumewe, akaja mpaka mlangoni, mkono mmoja umeshika mgongo, anacheka.

"Hicho kitrekta ni kizee kuliko ndoa yetu, mama. Unadhani kinabembelezwa kwa ufunguo?"

"Duane, nakuomba, si leo. Mvua imenyesha wiki nzima, nyasi zimelowa. Na ule mteremko wa nyuma ya ghala unaujua."

"Kesho nusu ya mji inakuja kumpongeza Brent kwa kumaliza shule. Unataka wakae porini wakila viazi vyako?"

"Basi kata wewe."

"Kwa mgongo huu? Na Brent ameenda kanisani kuazima viti. Tressa ataweza. Mimi kwa umri wake nilikuwa naendesha trekta zima, na jembe nyuma."

"Na Lyle je? Naye aliweza?"

Lyle alikuwa binamu yake Marlys. Mguu wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo tangu visu vya kitrekta kama hicho vilipoukata akiwa na miaka saba, na kila Jumapili watu walimpisha kanisani huku wakijitia hawaoni. Duane aliangalia pembeni.

"Lyle alikuwa bado mtoto mdogo. Huyu ana kumi na mbili."

Tressa mwenyewe, binti yao, alikuwa mezani, anabugia mkate wa nyama, miguuni amevaa viatu vya kazi vya kaka yake Brent. "Mama, wenzangu wote wanakata. Jolene anakata mpaka makaburini."

"Jolene si mtoto wangu."

"Ndiyo maana ana raha zake."

Duane alicheka mpaka mgongo ukamshika. Marlys hakucheka. Alikuwa ameshasema kitandani, ameshasema ndani ya gari, ameshalia. Kila alipolia waliona ni woga wake ule ule. Hata mama yake mzazi alimwambia kwenye simu kwamba mwenye moyo wa kuku asingeolewa shambani. Hakuwa na mtu tena wa upande wake. Kwa hiyo aliweka mwiko chini, akasema anakwenda kuchukua mayai.

Hakwenda bandani kwa kuku. Alikwenda ghalani.

Kitrekta kilikuwa bado cha moto. Marlys hakujua injini. Alichojua ni kwamba bila waya hakiwaki kitu. Alifunua mbele, akakuta mabomba, mikanda na joto, akafunga upesi. Akainua kiti. Hapo chini palikuwa na waya mmoja mwembamba wenye plagi ndogo, umekaa peke yake kana kwamba umewekewa yeye. Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukachomoka, akausukuma ndani kabisa usionekane. Alimwomba Mungu amsamehe mapema kwa uongo atakaousema wakimuuliza. Wageni na wapite kwenye nyasi za magotini, wamseme watakavyo. Mtoto atalala na miguu yake miwili.

Alipitia bandani, akarudi na mayai, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kwa mara ya kwanza wiki ile pumzi ilishuka hadi tumboni. Alimmiminia Tressa maji ya limau.

"Haya, nenda."

Tressa aliruka, nusura aangushe kiti. Duane alimtazama mkewe. "Umekubali?"

"Nimechoka kubishana."

Duane akaenda kujinyoosha sebuleni na chupa ya maji moto mgongoni. Marlys akaanza kumenya mayai aliyochemsha asubuhi, masikio yote yako nje. Alisubiri mtoto arudi amenuna, aseme, Baba, kimekufa.

Kitrekta kikanguruma.

Yai lilimponyoka. Dirishani alimwona Tressa amekaa wima kama malkia, anampungia mkono. Akapita ukingo wa ghala, akapotelea mteremkoni.

"Kimewaka," Marlys alisema. Alikuwa amefika sebuleni bila kujua. "Duane, kimewaka!"

"Ulitaka kiwashwe kwa maombi?" Kisha Duane akauona uso wake, akaacha mzaha. "Njoo hapa. Kaa. Una nini?"

"Mwite arudi. Nyasi zimelowa, zitakwama kwenye visu."

"Zitakwama, ndiyo. Zitakwama kila hatua. Na mtoto anajua la kufanya, nimemfundisha mwenyewe kama baba alivyonifundisha." Alimshika mkono, akaupapasa taratibu, sauti yake imekuwa laini kama ya zamani walipokuwa wachumba. "Hahangaiki na kuzima, wala breki. Anainuka tu kwenye kiti. Kiti kikiwa kitupu injini inakufa pale pale, visu vinasimama, ndipo anaingiza mkono kuzitoa. Kuna kawaya chini ya kiti, mama. Kazi yake ni hiyo tu."

Marlys alikuwa ameshafika mlangoni, hana viatu. Nyuma ya ghala mngurumo ukawa mzito ghafla, kama mtu aliyepaliwa. Haukuzimika.