Pampu Kwenye Mgodi wa Dhahabu

Pampu ilikohoa, kisha maji ya mgodi wa zamani yakamwagika horini, mekundu kwa kutu. Ngamia wakasukumana.

"Mungu akulipe, adeer, mwana wa ndugu yangu," ami wa Yahye alimwambia. "Tangu ukame wa tisini na mbili tunayavuta kwa kamba. Na kuna waliotucheka, eti tumeuza ngamia ili mtoto akasomee mawe."

Yahye alitazama viganja vya mzee. Kamba ilikuwa imechimba mfereji katika kila kimoja, mgumu kama pembe.

Wazee hawakuambiwa kwamba kampuni ya dhahabu ilimtuma Yahye, mhandisi wake, kuufufua mgodi, wala kwamba dhahabu haichimbwi chini ya maji. Hesabu ilikuwa ya Yahye mwenyewe: kabla ya mwezi kwisha shimo lingekauka, na lisingeachwa lijae tena. Kisima kingine kilikuwa Buna, ambako watu walishaanza kupigania zamu.

Alinyoosha mkono kuizima pampu, apate kuyasema hayo bila kupaza sauti.

Mzee akamshika kifundo cha mkono. "Unazima nini? Waache wanywe. Kama inaongezeka, iongeze."

Yahye akaiongeza.