Mpaka Mfumo Uhamie

Bosi alivuta kishikio cha mlango, akavuta tena, akageuka. Taa ndogo juu ya kitasa ilikuwa nyekundu.

"Mlango wako umefanyaje?"

"Unaendeshwa na seva, kaka," dada yake alijibu bila kuinua kichwa. "Seva nimeisimamisha ili nihamishe mfumo. Mpaka irudi kazini, kadi za kufungulia hazisomi."

"Ungeniambia kabla sijaingia."

"Nilisahau."

Hakusahau. Dada Seva, kama wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro walivyomwita, hakuwa mtu wa kusahau. Mezani, nyuma ya diski mpya, alikuwa ameweka chupa ya chai na vikombe viwili.

Tangu aanze kuomba kuacha kazi, kaka yake alikuwa na jibu moja tu: mfumo ukishahamia diski kubwa, tutaongea. Kisha akakaa bila kuinunua hiyo diski. Ombi likiletwa ofisini, simu inalia. Likiletwa nyumbani, wifi anaitwa apakue chakula. Na sasa chuo cha mji mwingine kilimtaka akafundishe, aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Angeweza kuondoka tu. Lakini kiwanda kilikuwa cha marehemu baba yao, na mfumo wa Unix ulioshika oda na stoo aliujenga kwa mikono yake. Hakutaka kutoroka kama mwizi. Alitaka mkubwa wake amruhusu, na kwa hilo ilibidi kwanza amsikilize. Kwa hiyo diski ya zamani ilipojaa mpaka mashine ikagoma kupokea oda, na Bosi akanunua mpya kwa shingo upande, alimwita aje aone mwenyewe. Bosi alipoingia tu, dada akaisimamisha seva.

Kumtega kaka mkubwa kama panya si jambo dogo.

Bosi alikaa juu ya kasha tupu. Chumba hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi kilikuwa kimeanza kushindwa na joto la watu wawili.

"Itachukua muda gani?"

"Kila faili lazima linakiliwe. Diski ndiyo inayojua."

Simu ya Bosi ikaita. Alikuwa karani wake.

"Nimekwama chumba cha seva," akamwambia. "Hapana, usiite fundi. Fundi wa nini, si ninaye hapa? Wageni waambie warudi kesho."

Dada alimimina chai. Bosi akavitazama vile vikombe viwili, akamtazama yeye, akapokea.

"Kaka, naomba tuongee."

"Mwaka jana zimamoto walinisumbua sana na milango hii," Bosi akasema, kama hakusikia. "Kiwanda kizima. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mama, namuuguza. Usinitoe kwenye mada."

"Kweli," akasema taratibu. "Ulikuwa kwa mama. Haya, ongea."

Akaongea. Alisema kiwanda hakichukii, ila kila asubuhi akiingia chumba hiki huhisi hatatoka tena. Alisema akiwa darasani watu watamuuliza maswali, wakati hapa anaulizwa tu kwa nini mashine ni nzito.

"Baba alituambia undugu ni kufaana," Bosi alisema.

"Nimekufaa, kaka. Sasa nawe nifae."

Bosi alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Na mashine nitamwachia nani?"

"Mhasibu. Nimemfundisha mwaka mzima."

"Yule anayegombana na printa?"

"Printa ndiyo inayomchokoza."

Bosi hakucheka. "Baba alipofariki nilibaki na kiwanda na wewe," akasema. "Ukienda, nabaki na magodoro."

Dada alikuwa na majibu ya ubishi, si ya huzuni. Akainamia mashine. Kunakili kulikuwa kumekwisha. Akaizima, akachomoa diski ya zamani, akafunga mpya mahali pake, akawasha. Mashine ikaunguruma, ikaandika mistari michache, ikasimama.

"Imeharibika?" Bosi aliuliza.

"Hapana. Kuna faili dogo linaloiambia ikae diski gani. Nimelinakili lilivyo, nikasahau kulibadilisha." Safari hii alikuwa amesahau kweli, na aibu ilimpata. "Imehamia nyumba kubwa, lakini bado inaulizia ile ya zamani."

Hapo ndipo Bosi alipocheka.

"Basi imemwiga mwenyewe. Utakuwa huko chuoni kwako, kutwa unaniulizia mimi."

Vidole vya dada vilisimama juu ya kibodi. "Umesemaje?"

"Nimesema nenda. Jumatatu si mbali, na kufunga mizigo wewe ni mzito."

Machozi yalimtoka, na alilia bila kujizuia. Kisha akajifuta kwa mkono wa gauni, akaurekebisha ule mstari mmoja, akawasha upya. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, bila kusimama.

"Vumilia kidogo, kaka. Ikimaliza kuamka, taa itakuwa kijani, nitakufungulia."

"Wewe maliza kazi. Mimi nakwenda kukuandikia barua ya kukuaga."

Akaweka kikombe mezani, akauendea mlango, na sasa hakuvuta. Aliusukuma kwa bega, ukafunguka kutoka ndani kama zimamoto walivyoagiza, akatoka. Taa ilikuwa bado nyekundu.