Bidoni ya Aloys

"Maman, ni nini inakusumbua humu nyumba?" Padri aliniuliza, chombo cha maji ya baraka kikiwa tayari mkononi.

Binti yangu, anayekaa mtaa wa Nguba, ndiye aliyekwenda kumwita. Alikuwa amelala kwangu, akajionea mwenyewe. Tangu tumzike mume wangu Aloys, bidoni ya maji ninayoiacha tupu uani jioni, chini ya robine, asubuhi ninaikuta imejaa. Robine za mtaa huu hutoa maji zikipenda, watu wakiwa usingizini, na kwetu ni Aloys tu aliyekuwa akiamka kuyateka. Sasa naishi peke yangu.

Niliitazama ile bidoni ya njano. Kifuniko chake hakibani. Aloys alikuwa akikunja kipande cha sashe ya plastiki, akikiweka chini ya kifuniko na kukaza, ncha moja ikibaki nje kama sikio la mbuzi.

Sikio lilikuwa pale, bado limelowa maji.

Padri akishanyunyiza, nilijua, kila kitu kitaondoka.

"Hakuna kitu, mon père," nikasema. "Ni huyu mutoto tu iko anaogopa. Mukae, munywe chai."

Binti akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

Nikamimina maji ya bidoni kwenye birika, nikaliweka juu ya mbabula, makaa yakiwa yameshika vizuri. Kisha nikairudisha bidoni chini ya robine, na pembeni yake nikaweka ya pili, tupu.