Jambia la Mpini wa Pembe

Mselemu alikuwa na visu thelathini na viwili nyumbani, na kingine hakikumtoka kiunoni. Lakini jambia la mpini wa pembe lilikuwa kwa jirani yake, Mbwana, na mhunzi aliyelifua alikwisha kufa. Alasiri ile alikwenda kulitazama, kama alivyokwenda jana na juzi.

Mbwana alilitungua ukutani akampa. Mselemu alilichomoa kwenye ala, akapitisha kidole ubapani. Lilikuwa zuri kuliko alivyokumbuka, na hilo lilimuuma.

"Hulipaki hata mafuta," alisema. "Hujui thamani yake."

"Kweli, sijui," Mbwana alijibu. "Lichukue basi."

"Unanitania, ndugu yangu."

"Sikutanii. Siku hizi ukija hapa huniulizi hata hali, unatazama ukuta tu. Lichukue."

Mselemu alilirudisha alani, akalichomeka kiunoni, akatoka bila kuaga. Miaka yote ile ameliwazia, na sasa ni lake. Aliisubiri furaha mpaka akafika langoni, na haikuja. Akageuka.

Barazani, Mbwana alikuwa ameshaketi na mkewe wakimenya mihogo kwa kisu kimoja butu cha jikoni, wakipokezana. Mke alisema neno, na Mbwana akacheka mpaka muhogo ukamponyoka mkononi.

Mselemu alisimama palepale, mkono juu ya mpini, wivu ukimpanda upya, asijue sasa aombe nini.