Barua ya Ukurasa wa Tatu

Mzee Mahfoudh aliketi chini, juani, mbele ya geti la Bi Nasriya kule Al Amerat, pembeni mwa Muscat, akasema haondoki.

"Mama hataki kukuona," Mazoon, binti wa Bi Nasriya, alimwambia kwa mara ya tano mwezi ule. "Akisikia jina lako tu anatetemeka. Rudi hospitali, baba yangu."

"Figo zimekwisha, mwanangu. Nikirudi huko sitoki tena."

Miaka thelathini wamo Muscat wote wawili, hawajasalimiana. Jamaa wakimwalika Mahfoudh, Bi Nasriya hutoka kwa mlango wa nyuma. Mahfoudh hakumlaumu. Kule Unguja, baada ya mapinduzi, enzi za makomredi, yeye alikuwa mkubwa wa chama na mhariri wa gazeti lake. Mwaka sitini na nane alichapa, ukurasa wa tatu, barua isiyo na jina: mwalimu Hamoud, mume wa Nasriya, anasikiliza redio za maadui na kuwatukana viongozi. Gazeti lilitoka asubuhi. Adhuhuri Hamoud akachukuliwa darasani. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mazoon alizaliwa miezi minne baadaye, mama yake hajatimiza miaka ishirini.

Geti likafunguka. Bi Nasriya alisimama, mkono ukutani.

"Unataka nini kwangu?"

Mahfoudh alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akasemea palepale chini.

"Nnakuomba radhi. Mumeo nimemuua mimi, kwa kalamu. Barua ile ningeweza kuitia moto. Nikaichapa, hata kuuliza sikuuliza."

"Nani kaiandika?"

"Sijui."

"Hata mwandiko hukuutambua?"

"Wallahi sijui, bibi. Mpaka leo sijui. Nisamehe nife."

Bi Nasriya alimtazama usoni, kama mtu anayepima ukweli wa kiapo. Kisha akamtuma Mazoon ndani akalete maji, akangoja mpaka mlango ufungwe. Akajishusha taratibu, akaketi vumbini karibu na yule mzee aliyekuwa akilia.

"Aliyeandika alikuwa na miaka kumi na tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Hakutaka Hamoud afe. Alitaka wamlaze ndani siku mbili tatu tu, aache kunipiga."