Nzi wa Manyoya

Nzi aliyechomekwa kwenye kofia ya nahodha wa Bofa alikuwa wa Gerishom. Hakuwa na haja ya kubahatisha. Manyoya meusi ya jogoo, nywele za mkia wa mbuzi wa Vitengeni, na shingoni uzi mwekundu aliouchomoa mwenyewe kwenye leso ya mkewe, Jedida. Hata kipande cha mshipi uliokatika kilikuwa bado kinaning'inia kwenye ndoana.

"Nahodha, huyu umempata wapi?"

"Baharini, wapi tena?" mtu yule alijibu akicheka, akapanda chombo chake.

Gerishom alirudi Malindi roho ikimuungua.

Usimcheke. Alikuwa mtu mzima, karani wa hoteli, na starehe yake ilikuwa kufunga nzi. Mgeni mmoja wa Kizungu alimfundisha kuivisha ndoana manyoya na nyuzi mpaka samaki aidhanie mdudu au kidagaa. Kwa lugha ya mgeni yule kitu hicho kiliitwa nzi, basi Gerishom naye akakiita nzi. Kila jioni alikaa barazani na koleo lake dogo. Majirani wakimwulizia, Jedida aliwajibu, "Anafunga," na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Huyu wa shingo nyekundu ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Sulisuli walimfuata kama watoto wanavyomfuata muuza barafu. Alimpa mtu mmoja tu, Mbaruk, nahodha wa chombo cha hoteli, mwenyeji wa Faza, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mbaruk aliapa kwamba nzi yule hataufikia mkono wa mtu mwingine. Mwezi uliopita alirudi kutoka baharini amenuna, akasema sulisuli mkubwa amekata mshipi na kwenda zake na nzi mdomoni. Gerishom alimcheka sana, kisha akamfungia mwingine.

Sasa aliona kwamba aliyechekwa ni yeye.

Na wa kumfanyia hivi ni Mbaruk! Mwaka wa themanini na tano ndoana ilimrukia Gerishom jichoni, jicho likatunga usaha, na la pili nalo likaanza kuvimba. Alikaa majuma sita na bendeji usoni, haoni mchana wala usiku. Mbaruk ndiye aliyempeleka kwa daktari Mombasa, amemshika mkono njia nzima. "Hapa pana ngazi, ndugu yangu. Inua mguu." Macho yalipona mwezi wa Novemba, na sasa ilikuwa Februari tu. Miezi mitatu, na mkono ule ule umekwisha kumuuza.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mbaruk. Hafidha, mke wa Mbaruk, alimpokea mlangoni.

"Karibu, shemeji. Mwenzio kalala, nakuomba usimuamshe. Amefunga leo, mwili umemchoka."

"Amefunga?"

"Hufunga siku mbili kila wiki." Hapo Hafidha alijiziba mdomo kwa mtandio. "Ulimi wangu huu! Alinikataza nisimwambie mtu, na wewe hasa."

Gerishom aliaga haraka, akaondoka. Kumbe hakumtoa nzi mmoja tu! Mtu aliyekuwa akijitetea kwamba vidole vyake vinene haviwezi uzi mwembamba, anafunga kwa siri, siku mbili kila wiki. Akakumbuka na mengine. Mara ngapi siku hizi amemkaribisha chai pale kazini, na Mbaruk akasema, "Leo nisamehe"? Bila shaka alikuwa anaona haya kunywa chai ya mtu anayemwibia.

Asubuhi alimkuta ufukweni akisugua chombo.

"Mbaruk, ni kweli siku hizi unafunga?"

Mbaruk aliacha kusugua. "Nani kakwambia? Hafidha?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli." Aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. "Lakini hilo niachie mwenyewe, Gerishom. Si jambo la kuulizana."

Gerishom alitaka kulia. Badala yake alipanda ngazi mpaka ofisini kwa meneja, akamwambia kwamba nahodha wao anafunga nzi wa hoteli kwa siri na kuwapa watu wa Bofa, na kwamba amekiri kwa kinywa chake. Meneja alikuwa amewaahidi wageni kwamba nzi yule hapatikani kwingine popote pwani. Hakutaka maelezo marefu.

Kufika adhuhuri Mbaruk alikuwa amekabidhi funguo za chombo. Akitoka, alisimama mbele ya meza ya Gerishom, akangoja neno. Gerishom alimkazia macho mpaka alipoondoka.

Juma lililofuata aliwakuta kwenye stendi ya basi la Lamu. Mbaruk alikuwa amejitenga kivulini, midomo imemkauka. Hafidha alikuwa ameketi juu ya mizigo, na pembeni yake chupa ya maji haijaguswa. Gerishom alitaka kupita kama hakuwaona, lakini Hafidha, ambaye mumewe hakumwambia ni nani aliyemchongea, alimwita.

"Shemeji, afadhali umekuja, wewe atakusikia. Mwambie anywe maji japo funda moja, na jua hili! Namwambia msafiri ana ruhusa ya kula, hataki. Asema zimebaki siku nne tu katika thelathini alizoweka nadhiri atazifunga, Mungu akikurudishia macho yako."